Operesheni ya taya la juu: leo naongea na yule anayepika nyumbani

Haya maneno niliyaongea Moshi mbele ya wazazi na vijana waliokuja kuulizia operesheni ya kurekebisha taya la juu. Nimeyaandika karibu vile vile yalivyotoka, kwa sababu wengi waliomba wawatumie ndugu zao waliobaki Arusha na Rombo.

Shikamooni wazee wangu. Mama zangu, baba zangu, vijana, habari za asubuhi, na asanteni kwa kuja maana najua kuna watu hapa mmeacha biashara Kiboriloni na kuna waliotoka mlimani alfajiri. Mimi ni muuguzi, kazi yangu iko wodini, anayeshika kisu ni daktari bingwa wa upasuaji wa kinywa, taya na uso, kwa hiyo habari za kisu nitazieleza ila sitakaa nazo sana. Nitakaa na yale ninayoyaona baada ya kisu. Familia ikija swali la kwanza siku zote ni je ni masaa mangapi, je atapona, na ni maswali ya haki kabisa, lakini thieta mgonjwa amezungukwa na wataalamu na mashine zinampigia kelele kila pumzi. Wiki sita zinazofuata amezungukwa na nani? Na mama yake, na dada, na mke, na yule binti wa kazi anayepika. Na huyo anayepika mara nyingi ndo mtu pekee ambaye hakuna aliyemweleza kitu, anakuja kumpokea mgonjwa getini ana chupa ya chai ya moto na maandazi. Leo naongea na huyo.

Tuanze na nani anahitaji hii operesheni. Kuna mtu taya lake la juu limebaki nyuma, kwa hiyo akifunga mdomo meno ya chini ndo yanatangulia na kidevu kinaonekana kimetoka mbele, na watu wanadhani tatizo ni la chini kumbe la juu ndo halikukua. Kuna ambaye taya la juu limeshuka sana, akicheka ufizi wote uko nje na midomo haikutani mpaka ajilazimishe. Kuna ambaye akiuma, magego yanagusana lakini meno ya mbele yanaacha uwazi, ulimi unapita. Huyu wa mwisho ukimwangalia akila utamjua. Mpe nyama choma, hawezi kuing'ata kwa mbele, ataigeuza shingo aipeleke pembeni kwenye magego aivute kwa mkono, na chapati ataikata kata kwa vidole kabla haijafika mdomoni. Amefanya hivo tangu utoto, amejifunza kula haraka akiwa amegeukia pembeni, na nyumbani mmezoea mmesema tu huyu mtoto ana madaha ya kula. Hana madaha. Meno hayakutani.

Wengine ni watoto waliozaliwa na mdomo wa sungura au kaakaa lililo wazi, jambo ambalo duniani linampata takriban mtoto 1 katika kila 700. Hawa walishonwa wakiwa wadogo, na kushonwa ni lazima na ni kuzuri, ila kovu la kaakaa lina tabia ya kubana taya lisikue kwenda mbele, kwa hiyo akifika miaka 15 au 16 uso wa katikati unaonekana umezama. Mzazi anafikiri ile operesheni ya kwanza iliharibiwa. Hapana mama, ilifanya kazi yake, hii ni hatua nyingine ya safari ile ile. Na kuna kundi jingine ambalo tunaliona sana barabara hizi zetu, waliopata ajali ya bodaboda, uso ukavunjika, mfupa ukaunga vibaya kwa sababu walichelewa au hawakufika kabisa, sasa meno ya juu na ya chini hayapatani tena.

Sasa jina utakalolisikia kliniki ni Le Fort 1, na watu wanalishangaa kwa hiyo niliseme. René Le Fort alikuwa daktari Mfaransa wa Lille, mwaka 1901 alichapisha kazi yake baada ya kuchukua vichwa vya maiti na kuvipiga makusudi kwa nguvu mbalimbali, kisha akavichunguza aone uso unapasukia wapi. Akakuta haupasuki ovyo, una mistari yake mitatu, na mstari wa chini kabisa unapita juu ya mizizi ya meno ya juu, chini ya pua, mpaka nyuma. Yeye alikuwa anatafuta ajali inavunjaje uso. Madaktari waliofuata wakasema kama mfupa una mstari wake wa kuachia, basi na sisi tunaweza kuufuata huo huo kwa kukata, tukalisogeza taya. Mjerumani Martin Wassmund alifanya hivyo mwaka 1927 kwa mgonjwa ambaye meno yake ya mbele hayakutani, na miaka ya 1960 Hugo Obwegeser kule Zürich akaifanya kuwa operesheni ya uhakika, taya linaachiwa kabisa na kuwekwa linapotakiwa. Hofu kubwa ilikuwa mfupa ukikatwa hivyo si utakufa kwa kukosa damu? William Bell wa Marekani akachunguza kwa nyani miaka ya 1970 akaonyesha kwamba damu inayopita kwenye nyama ya kaakaa na ufizi inatosha kuulisha. Nawaambia haya kwa sababu kuna mzee ameniuliza pale nje kama hawa vijana wanafanyiwa majaribio. Baba yangu, hii njia ni ya siku nyingi kuliko mimi na wewe.

Kabla ya thieta kuna vyuma vya meno, na hapa ndo watu wengi wanachoka. Mwaka mmoja, mwaka na nusu, wengine zaidi, vyuma vinapanga meno kwanza ili taya likisogezwa meno ya juu na ya chini yakutane sawasawa. Na sikilizeni hili maana ndo linaleta ugomvi nyumbani: katika hiyo miezi mwonekano unaharibika zaidi kabla haujapona. Mwili ulikuwa umejaribu kuficha tatizo, meno ya juu yameinamia mbele na ya chini yameinamia ndani ili yafikiane, daktari wa kupanga meno anayarudisha wima kila jino kwenye mfupa wake, kwa hiyo ile tofauti ya mataya inajitokeza yote. Binti ataangalia kioo atalia, baba atasema nimelipa hela mtoto amekuwa mbaya zaidi. Ni hatua. Ukiacha hapo katikati umebaki na ubaya wa vyuma bila faida ya operesheni, kwa hiyo kama hamna uhakika wa kwenda mpaka mwisho ni heri msianze mpaka mjipange.

Sisi wa huku tuna jambo letu la ziada, haya meno ya kahawia. Maji ya mteremko wa Meru, Maji ya Chai, Ngarenanyuki na kwingineko yana floraidi nyingi kupita ile miligramu 1.5 kwa lita ambayo Shirika la Afya Duniani linaiweka kama kikomo, na magadi tunayopikia makande nayo yanaongeza. Jino lililoathirika sana ngozi yake ya juu si ya kawaida, ile gundi ya vyuma inaweza isishike vizuri, vibandiko vikawa vinabanduka. Daktari ana namna ya kuliandaa jino, ila uwe tayari kurudi kliniki mara nyingi kuliko mtu wa kwingine, usimlaumu mtoto kwamba ametafuna miwa.

Halafu mwanya. Mwanya kwetu ni urembo, na mabinti wengine wamekuja wameshazibwa ndo wanashtuka. Kama unaupenda mwanya wako mwambie daktari siku ya kwanza, wakati bado anachora mpango.

Umri nao, ukuaji wa uso lazima uwe umekwisha, wasichana kwenye 16 hivi, wavulana 18 na wakati mwingine zaidi, maana ukimfanyia mtoto anayekua taya la chini litaendelea kukua na kazi yote itabidi irudiwe. Kwa wale wa kaakaa ambao taya linatakiwa lisogee mbali, tuseme kupita milimita 10 hivi, kuna njia ya kufunga kifaa kinachovuta mfupa polepole kama milimita 1 kwa siku, mfupa mpya unajijenga kwenye ule uwazi. Aliyegundua siri hiyo ni daktari wa Umoja wa Kisovieti, Gavriil Ilizarov, yeye alianzia kwenye miguu.

Na ukiulizwa maswali na daktari wa usingizi, sema kweli. Sigara, shisha, ugoro, mbege, dawa za mitishamba, vidonge vya kupanga uzazi, aspirini unayomeza kwa maumivu ya kichwa, vyote vitaje hata kama mchungaji amekaa hapo pembeni. Anachouliza anauliza kwa ajili ya damu yako na pumzi yako. Sigara hasa, acha wiki kadhaa kabla na wiki kadhaa baada, mfupa wa mvutaji unaunga kwa shida na kidonda kinaoza kirahisi.

Siku yenyewe utalala nusu kaputi, bomba la kupumulia litapitishwa puani ili daktari aone meno yanavyokutana. Anachana ndani ya mdomo, pale juu ambapo mdomo unakutana na ufizi, kwa hiyo usoni hakuna kovu. Anakata mfupa juu ya mizizi ya meno, upande huu na huu, anaachia ukuta wa pua na nyuma kule, kisha taya lote na meno yake linashuka na kusogezwa kama droo, mbele, juu, chini au kulizungusha kidogo. Kuna kibao cha plastiki kilichotengenezwa kabla kinachoonyesha meno yakae wapi. Likishakaa anafunga vibati vidogo vya titani kwa skrubu, mara nyingi vinne, kisha anashona kwa uzi unaoyeyuka wenyewe. Kama ni taya la juu peke yake hesabu masaa mawili au matatu, yakiwa yote mawili ni zaidi. Mtaona msogeo ni milimita 4, 5, 6, mtu anauliza hela yote hiyo kwa milimita 5? Kwenye uso milimita 5 ni uso mwingine.

Sasa tumefika kwangu, wodini.

Akizinduka pua zote zimeziba, anahema kwa mdomo na mdomo wenyewe umevimba, anahisi anakosa hewa wakati hewa anaipata. Huyu anahitaji mtu mtulivu. Damu nyepesi itatoka puani siku za mwanzo, na anaweza kutapika kitu cheusi, hiyo ni damu aliyoimeza akiwa usingizini na ikitoka anapata nafuu. Koo linauma sababu ya lile bomba. Kuongea hawezi vizuri, mleteeni daftari na kalamu, simu nayo inafaa ila mikono inatetemeka siku ile ya kwanza. Na maumivu, wengi wanashangaa si makali walivyotegemea, kwa sababu sehemu kubwa ina ganzi, kinachowatesa ni kubanwa, kuziba pua na kukosa usingizi.

Uvimbe unaongezeka siku ya pili na ya tatu, hauanzi kupungua mara moja. Macho yanaweza kuvilia damu, mashavu yamejaa, mdomo wa juu umesimama. Naomba sana, ndugu wanaokuja kuona mgonjwa, jamani, msipige kelele mlangoni. Nimeona shangazi anaingia wodini anashika kichwa "wamemharibu mtoto wetu", na yule mtoto yuko pale anasikia kila neno, hawezi hata kumjibu. Machozi yakamtoka, pua ikazidi kuziba, jioni tukahangaika naye. Mpangeni nani aingie. Anayekuja aambiwe kabisa akiwa nje kwamba uso umevimba, utapungua, sehemu kubwa kwenye wiki mbili tatu, na yale mabaki ya mwisho yanaweza kuchukua miezi ambayo wewe mwenyewe tu ndo utayaona.

Hospitali atakaa siku chache, moja mpaka tatu hivi kama hamna shida. Anaruhusiwa. Na sasa jikoni.

Wiki ya kwanza na ya pili ni vya kunywa. Baada ya hapo mpaka wiki ya sita ni vilaini vya kusaga kwa ulimi, hakuna kutafuna, kwa sababu vile vibati vinashikilia mfupa lakini mfupa wenyewe unahitaji wiki 6 mpaka 8 kushikana. Anajisikia mzima wiki ya tatu, hapo ndo wanajaribu kipande cha nyama. Mnyime. Mnyime kabisa hata akinuna.

Tuna bahati ya mtori sisi. Wenzetu wa nchi nyingine wananunua maziwa ya kopo ya bei ya ajabu kutafuta chakula ambacho bibi zetu walikuwa wanampa mzazi tangu zamani. Ila mtori wa mgonjwa wa taya si ule wa harusi. Chemsha nyama ya mifupa peke yake mpaka ilegee kabisa, ndizi zako zichemke pembeni mpaka zivunjike kwa mwiko, ponda, kisha nyama nayo isagwe, usimwachie hata uzi mmoja maana uzi wa nyama ukinasa kwenye vyuma na mishono hawezi kuutoa na hawezi kuhisi uko wapi. Weka siagi au mafuta kidogo, weka maziwa, punguza kwa supu mpaka upite kwenye chujio la chai. Ukigoma kupita bado ni mzito. Umeme ukikatika na blenda imelala tumia kinu na chujio, inachukua muda lakini inatoka. Wengine wanasaga wa siku mbili wanaweka kwenye friji kwa vikombe, sawa, ila umeme ukikaa siku nzima haupo mwaga, tumbo la kuhara kwa mtu asiyeweza kula ni balaa.

Na joto! Hili ndo naomba mlikariri. Mdomo wa juu, ufizi, kaakaa, pembeni ya pua vyote vina ganzi, kwa sababu mshipa wa fahamu unaotoka chini ya jicho umevutwa wakati wa operesheni. Huyu mtu hawezi kukwambia chai ni ya moto. Ataimeza na mdomo utababuka yeye anakuangalia tu. Kila kikombe mpikaji adondoshe kwanza kwenye kifundo cha mkono wake, ikiwa vuguvugu ndo apewe. Na huku kwetu tumezoea uji unaotoa moshi, mwezi wa saba kukiwa na baridi ndo kabisa.

Uji wa ulezi uliochujwa na kuwekwa maziwa au siagi ya karanga laini, maziwa, maziwa mgando, parachichi lililosagwa na maziwa, supu ya kuku, supu ya samaki iliyochujwa mara mbili kwa ajili ya miiba. Kwa ndugu zetu wa Arumeru wanaopenda loshoro, mahindi yake hayafai kwa sasa, chukua ule mtindi peke yake. Matunda yenye mbegu ndogo kama pesheni mwache nayo. Anakunywa kidogo kidogo mara sita, saba kwa siku, maana tumbo halijai kwa kikombe kimoja cha kimiminika, na akingoja milo mitatu ya familia atakonda. Atapungua kilo hata hivyo, wengi wanapungua, jitahidini asipungue sana. Mrija uachwe mpaka daktari aruhusu, kunyonya kunavuta kule kwenye mishono na pua. Kikombe au sirinji kubwa iliyofungwa mpira laini, unapitisha pembeni ya shavu taratibu, yeye ndo anakuonyesha kwa mkono ongeza au simama. Dawa ombeni za maji tangu wodini, msifike nyumbani na vidonge vikubwa ndo mnaanza kuvitwanga.

Kupenga kamasi marufuku, angalau wiki mbili za kwanza na zaidi kama daktari amesema. Mkato umepita kwenye mifuko ya hewa iliyo pembeni ya pua, ukipenga hewa inaingia chini ya ngozi uso unafura ghafla. Chafya ikija fungua mdomo, isitokee puani. Vumbi la barabara zetu mnalijua, kwa hiyo barakoa akitoka, na akipata mafua apewe matone ya pua aliyoandikiwa. Alale kichwa kimeinuka, mito miwili mitatu. Mdomo usuuzwe kwa maji ya chumvi ya vuguvugu kila baada ya kula, na mswaki ule mdogo wa mtoto, polepole, meno na vyuma, kwa sababu uchafu ndo unaoleta usaha kwenye vibati. Midomo ipakwe mafuta ya mgando, inapasuka vibaya. Kuna raba ndogo zinazovuta meno ya juu na chini yakae mahali pake, avae kama alivyoelekezwa hata zikimchosha.

Na moyo wake. Kati ya siku ya nne na wiki ya pili mtu anaweza kuanguka kabisa, analia bila sababu, anasema nilijitakia nini. Ana njaa, halali, uso si wake na dawa za usingizi zimemtoka juzi tu. Kaa naye. Usimwambie "si ulitaka mwenyewe". Kuna pia kitu watu hawakitegemei, uvimbe ukishapungua anaangalia kioo anaona mtu mgeni, hata kama ni mzuri zaidi, na mama anaona mtoto hafanani tena na baba yake. Inachukua muda kumzoea huyo mtu, kwake na kwenu.

Hatari zipo na sitawaficha. Kutoka damu nyingi, usaha, jino kuumia, pua kutanuka kidogo au kupinda (kuna mshono wa kuizuia), taya kurudi nyuma kidogo, mfupa kuchelewa kuunga. Ganzi kwa wengi inarudi ndani ya wiki na miezi, wengine inakaribia mwaka, na wachache inabaki kipande. Kupoteza kuona kumeripotiwa duniani ila ni nadra mno. Wale wa kaakaa waulize kabisa habari ya sauti, kwa sababu taya likienda mbele kaakaa linaweza lisifunge vizuri nyuma na sauti ikazidi kupitia puani. Kitu kimoja cha kuondoka nyumbani usiku huo huo bila kungoja asubuhi: damu inayobubujika puani au mdomoni, hata ikiwa siku ya kumi na mlikuwa mmeshasahau. Akianza kuona giza au jicho likimuuma vibaya, hapo pia usingoje asubuhi. Homa kali na usaha navyo rudi.

Baada ya hapo yalikuja maswali, nitaandika matatu.

Kijana mmoja mpagazi wa mlimani aliuliza lini atarudi kubeba. Mdogo wangu, kunyanyua vizito kunapandisha presha ya damu kichwani, wiki za mwanzo ndo pua inafunguka, kwa hiyo mzigo hakuna mpaka mfupa umeshikana na daktari amekuona. Na mlima si mzigo tu, baridi kavu ya kule juu inakausha pua, na chakula cha kambini ni cha kutafuna. Mpange msimu, ongea na kiongozi wako kabla ya operesheni, usije ukaitwa wiki ya nne ukaona aibu kukataa. Dereva bodaboda aliyekaa nyuma naye yumo humo, miezi mitatu asipate kitu cha kumgonga uso, na akirudi kazini avae helmeti inayofunika mpaka kidevu. Ile ya kofia tu inalinda fuvu, uso iko wazi.

Mama mmoja wa Pasua aliuliza kama vile vibati vitatolewa, na kama vitamuuma wakati wa baridi. Kwa kawaida vinabaki maisha yote, titani mwili unaipokea, vinatolewa pale tu vinapoleta usaha au usumbufu. Kuna wanaosema wanahisi kitu kwenye baridi, wengi hawahisi kabisa.

Na swali la hela. Bei siwezi kuwatajia kwa sababu inategemea vyuma, vibati, vipimo, ni taya moja au mawili. Ninachowaambia ni utaratibu: anzeni kwa daktari wa meno wa hospitali ya wilaya au mkoa, awaandikie rufaa ya maandishi kwenda ya kanda, ambayo kwetu ni KCMC, na kutoka hapo mtaelekezwa kama ni kwenda Muhimbili. Kwenye barua ombeni iandikwe kwamba hawezi kung'ata, au hawezi kufunga midomo, au anatatizika kutamka, kama ni kweli, kwa sababu ikiandikwa tu kwamba meno hayajapangika mtu wa bima ataisoma kama urembo. Ulizeni bima kwa maandishi inalipa nini na hailipi nini, vyuma na operesheni kila kimoja peke yake, kabla jino la kwanza halijabandikwa kitu. Barua zote, picha za eksirei, kadi ya kliniki ya utotoni kwa wale wa kaakaa, wekeni kwenye bahasha moja muende nayo kila safari. Na kliniki ya mwisho kabla ya kulazwa, ile ya kupewa maelekezo, mtu anayepika aje. Kama ni bibi aje bibi, kama ni binti wa kazi mpeni nauli aje yeye, aulize mwenyewe.